Pua Yangu, Ulimi Wake

"Funga macho," Chrispine aliniambia. "Ukiangalia ziwa, utanusa ziwa."

"Nimefunga."

"Umefunga moja."

Nikacheka, nikalifunga na la pili. Glasi ilikuwa baridi mno mkononi mwangu, nami nikamwambia hivyo. Mvinyo uliotolewa kwenye friji punde tu huficha harufu yake, kama mtu aliyeamshwa ghafla anavyoukaza uso. Tukasubiri. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo pua na ulimi vingali safi, nasi tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya nyuma ya hoteli ya Madam Celestine, mjini Homa Bay, pale ambapo ngazi za mawe hushuka mpaka majini.

"Sasa," akasema.

Nikaizungusha glasi taratibu, nikainamisha uso.

"Ndimu kwanza. Si maji yake. Ni ganda, ukilikwaruza kwa ukucha. Halafu kuna jiwe. Jiwe lililoshinda juani kisha likamwagiwa maji."

"Endelea."

"Karanga zinakaangwa, lakini si kwetu, ni kwa jirani. Na chini kabisa, Chris, chini kabisa kuna kibuyu."

"Kibuyu gani?"

"Cha maziwa. Nyanya yangu hukisugua ndani kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa. Ni ile harufu ya moshi uliokubali kuwa mtamu."

Akaichukua glasi, akanywa funda moja, akalizungusha kinywani kwa muda, kisha akalitema kwenye ndoo ndogo ya bati.

"Kibuyu," akarudia polepole, kama mtu anayekariri aya ya Biblia. "Moshi uliokubali kuwa mtamu."

Mimi sikunywa. Mimi ni Msabato. Nilibatizwa mtoni Migori nikiwa na miaka kumi na minne, nikaapa mbele ya kanisa kwamba kileo hakitapita midomoni mwangu, na kiapo hicho ni changu mwenyewe, si cha baba. Lakini nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea mambo ya hoteli, na chuo kilikuwa kimenituma hapo kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Hakuna aliyewahi kuniapisha kuhusu pua. Pua hiyo nilifunzwa na baba, muuza nafaka wa soko la Migori, ambaye alinizoeza tangu utotoni kuutia mkono katikati ya gunia la mahindi na kukinusa kiganja, kwa kuwa uvundo hujificha katikati.

Mvinyo wenyewe uliitwa Chardonnay. Mfanyabiashara mmoja kutoka Nairobi, Bwana Barnabas, alikuwa ameacha chupa sita, akasema atarudi mwishoni mwa Julai kuwasikia wafanyakazi wakiueleza. Atakayemridhisha angepelekwa Afrika Kusini kwa miezi sita, akajifunze kwenye shamba la mizabibu.

"Mvinyo mwingi," Chrispine alinieleza siku ile ya kwanza, "huchanganya zabibu za kila upande. Huu umetoka konde moja tu. Mteremko mmoja, mwaka mmoja. Hakuna kilichoongezwa ili kuuficha ulivyo."

"Kwa hiyo ukinusa, unanusa mahali."

Alinitazama kwa muda mrefu sana.

"Ndiyo," akasema. "Unanusa mahali."

Nadhani nilimpenda hapo. Alikuwa mhudumu wa mvinyo wa hoteli ile, kijana wa Kisegi, kijiji cha kando ya ziwa, mrefu, mwenye sauti isiyoharakisha neno. Kila asubuhi aliniletea glasi moja. Kila asubuhi mimi nilinusa na yeye akaonja, na kati ya pumzi yangu na funda lake tulizoea kukaa kimya, tukiyatazama maji yakibadilika kutoka kijivu hadi buluu, kana kwamba dunia nzima nayo ilikuwa ikizungushwa taratibu ndani ya glasi.

Awino, mpishi wa hoteli kutoka Oyugis, hakuwa na subira na mambo hayo.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii wewe, huyu jamaa anakulewesha kupitia pua?"

"Sijaonja hata tone."

"Nani ameuliza mambo ya mvinyo, yawa? Mimi naongea juu ya Chris."

Jioni moja ujumbe uliingia kwenye simu yangu:

"Leo ulisema jiwe lililomwagiwa maji. Nimeshuka kuyatazama mawe yote ya ngazi. Sijui ni lipi."

Nikamjibu: "La tatu kutoka chini. Kesho nitakuonyesha."

Tulipofika kwenye jiwe hilo kesho yake, hakuinama kulinusa. Aliukalia ukingo wake, akanishika mkono.

"Emmah, wazee wangu wakitoka Kisegi mpaka Migori mwezi wa Desemba, baba yako atawafungulia lango?"

"Mkatoliki kutoka ziwani? Atawafungulia. Kuwakaribisha ndani ni jambo lingine."

"Basi watakaa langoni mpaka achoke."

Nilicheka. Sikusema ndiyo, wala sikuuondoa mkono.

*

Siku nne kabla ya Bwana Barnabas kurudi, Awino aliingia ghalani akiwa na kadi ndogo nyeupe.

"Madam amechapisha hizi za wageni. Hebu soma. Nimesoma nikasikia ni wewe unaongea."

Nikasoma. *Ganda la ndimu lililokwaruzwa kwa ukucha. Jiwe lililoshinda juani kisha likamwagiwa maji. Karanga za jirani. Na chini kabisa, kibuyu cha maziwa: moshi uliokubali kuwa mtamu.* Chini yake, kwa herufi za dhahabu: *Chrispine Owuor, Mhudumu wa Mvinyo.*

Nilimkuta jikoni peke yake, amelipa jiko mgongo, anapangusa glasi. Feni kubwa ya ukutani ilikuwa ikinguruma.

"Chris, haya ni maneno ya nani?"

Akaitazama kadi. "Madam aliharakisha kuchapisha kabla..."

"Sijauliza nani amechapisha."

"Ni yako."

"Jina langu liko wapi?"

"Fikiria kidogo, Emmah. Kadi hii ikifika Migori? Baba yako ni mzee wa kanisa. Jina la binti yake chini ya mvinyo? Nilikuwa nakukinga."

"Uliniuliza kama nataka kukingwa?"

Akaendelea kuipangusa glasi iliyokwisha kukauka.

"Na wewe, je?" nikamwuliza, kwa kuwa swali hilo lilinijia wakati ule ule. "Miezi miwili nimekueleza kila kitu. Wewe hujawahi kuniambia hata harufu moja. Ulikuwa ukinusa nini?"

"Nilikuwa... nanusa hivyo hivyo unavyonusa."

Nyuma yake, sufuria ya maziwa ya chai ilikuwa imefura. Maziwa yakamwagika juu ya moto, yakaungua, na ile harufu chungu ya maziwa yaliyoungua ikatanda jikoni kote mpaka macho yangu yakawasha. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Alinitazama tu, kitambaa mkononi, kama mtu aliyesimama kwenye hewa safi.

"Chris. Kuna nini nyuma yako?"

"Wapi?"

"Usigeuke. Nusa."

Mkono wake ukasimama. Uso wake ulibadilika polepole, na nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Tangu lini?"

"Mwaka ule wa barakoa," akasema kwa sauti ya chini. "Niliugua, nikapona kila kitu isipokuwa pua. Nikisimama kando ya samaki, kando ya maua, kando ya choo, yote ni hewa tu. Mama alidhani nimeanza kukidharau chakula chake."

Nikampita, nikazima jiko.

"Kwa hiyo ulinipenda mimi, au uliipenda pua yangu?"

"Sijui kuvitenganisha. Sorry, lakini huo ndio ukweli. Siku ya kwanza uliposema jiwe lililomwagiwa maji, nililikumbuka. Miaka minne sikuwa nimekumbuka harufu ya kitu chochote, Emmah. Ulinirudishia."

"Basi ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniona nusu mtu. Na Madam akijua? Ni nani anayeajiri mhudumu wa mvinyo asiye na pua?"

"Ulikuwa na njia ya kuniomba. Ningekupa, Chris. Ningekupa maneno yote, bure, kwa furaha. Wewe ukayachukua."

Nikatoka. Machozi yalinijia nilipofika barazani, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hata nikilia niliendelea kunusa: mwani, sabuni ya mashuka, majani ya ndimu. Kila harufu iliniomba nikamweleze.

Siku hizo nne simu haikutulia.

"Emmah, nisamehe."

"Naomba dakika tano tu."

"Nimeketi kwenye jiwe la tatu. Sinusi kitu, lakini nimeketi."

Nilijibu mara moja tu: "Alhamisi utasimama mwenyewe."

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, wageni kumi na wawili waliketi barazani. Bwana Barnabas alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na aliipanga meza kwa utaratibu wa padri anayepanga altare. Mimi nilipewa jagi la maji, kikapu cha mkate na ndoo ya kutemea. Mgeni mmoja alikuwa ameinua simu, anapiga video.

"Hapa kuna glasi mbili," Barnabas akasema. "Zabibu ni zile zile, shamba ni lile lile, mwaka ni ule ule. Mmoja ni mvinyo wa konde moja, umelala mwaka mzima ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Mwingine ni mchanganyiko wa shamba lote, nao haujawahi kugusa mti. Bwana Chrispine, tuambie upi ni upi. Kisha utueleze, maana kadi yako aliyonitumia Madam imenifanya nisahau chai yangu Nairobi."

Wageni wakacheka. Chrispine hakucheka. Akainua glasi ya kushoto, akaonja, akatema. Akainua ya kulia, akaonja, akatema. Akarudi ya kushoto. Nilimwona akiutafuta ulimi wake kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza.

Mimi nilikuwa nimejua tangu nilipoikaribia meza. Moshi wa kibuyu ulikuwa kulia.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamsaidia. Lakini jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji, na Madam Celestine alikuwa amekunja mikono, na mimi, pamoja na hasira yangu yote, sikuwa na nguvu za kutazama mtu niliyempenda akianguka. Nikasogea na jagi. Nikamimina maji, nikaiweka bilauri kando ya glasi ya kulia, na kidole changu kikakaa pale muda wa pumzi moja.

Akaona.

"Ni hii ya kulia," akasema.

"Sahihi!" Barnabas akapiga meza. "Sasa tueleze."

Chrispine akaiweka glasi mezani.

"Siwezi, Bwana. Nimeonyeshwa sasa hivi. Mimi sinusi. Pua yangu ilikufa miaka minne iliyopita."

"Chris!" Madam Celestine akasimama. "Unaongea nini mbele ya wageni?"

"Ukweli, Madam. Umechelewa, lakini ndio huu. Maneno ya kwenye kadi ni ya Emmah Nyarangi, huyu aliyeshika jagi. Niliyachukua nikayatia jina langu. Yeye hakujua."

Barnabas akanigeukia.

"Ni kweli, binti?"

"Ni kweli. Na kosa la bilauri ni langu."

"Njoo hapa."

"Mimi sinywi, Bwana. Nilibatizwa."

Mgeni mmoja akacheka. Barnabas hakumtazama.

"Sijakwambia unywe. Nimekwambia njoo."

Nikaenda. Nikafumba macho yote mawili. Glasi ilikuwa imekaa hewani kitambo, na mvinyo ule, ambao niliuzoea miezi miwili, ulikuwa umefunguka kama mlango wa chumba ambacho sikuwahi kuingia.

"Umebadilika," nikasema. "Ndimu imerudi nyuma. Mbele kuna papai lililoiva upande uliolala chini. Na samli ya kienyeji, inapoanza tu kuyeyuka juu ya ugali wa wimbi wa moto. Jiwe lingalipo, lakini sasa limekauka."

"Na kinywani?"

"Huko mimi sifiki. Muulize Chrispine."

Chrispine akaitwaa glasi kutoka mkononi mwangu, akaonja, akakaa nayo muda mrefu.

"Unaingia mnene," akasema. "Unaujaza ulimi wote, unataka kulala. Halafu uchachu unakuja kutoka pembeni, unakunyoosha kama mwalimu aliyekukuta umeinama dawatini. Na mwisho kabisa kuna chumvi. Ndogo tu, kama ya jasho juu ya mdomo."

"Chumvi hiyo," nikasema bila kufikiri, "ndiyo jiwe."

"Ndiyo jiwe?"

"Ndiyo."

"Basi nimelionja," akasema kwa mshangao. "Wakati wote huu nilikuwa nikilionja."

Tukatazamana. Kwa kitambo kile sikuwaona wageni, wala Madam, wala simu iliyokuwa ikitupiga video. Kulikuwa na glasi moja tu, na mteremko wa nchi ya mbali ambao mimi niliufikia kwa upande mmoja na yeye kwa upande mwingine.

"Miaka ishirini kwenye kazi hii," Barnabas akasema, "sijawahi kuona watu wawili wakionja glasi moja hivi. Lakini nafasi niliyo nayo ni moja, na ni ya pua. Nyarangi, nipe jibu Jumatatu. Huko kwenye shamba wote hutema, na wewe hata kutema hutahitaji."

Madam Celestine akamwita Chrispine kando. Nilisikia maneno machache tu: "Kuanzia kesho, meza za kawaida. Beba sahani."

"Sawa, Madam. Asante."

Nilimkuta kwenye ngazi baadaye.

"Sikukuomba unionyeshe," akasema.

"Najua."

"Kwa nini basi?"

"Nilikuwa na hasira, lakini sikutaka uanguke."

"Ningenyamaza na ushindi ule, Emmah, ningeanguka zaidi. Ningekuibia mara ya pili, tena mbele yako."

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia. Baba.

"Nyarangi."

"Naam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna video hapa kwa simu yangu. Imepita kwa kikundi cha kanisa. Hiyo glasi ni ya nini?"

"Ni mvinyo, baba. Lakini..."

"Njoo nyumbani kesho kabla jua halijatua. Na huyo kijana asiye na pua, yeye pia aje, kama ana miguu."

*

Tulifika Migori Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni. Baba, Mzee Motari, alikuwa ameketi sebuleni na shati lake jeupe la Sabato tayari limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Nyumba ilinukia maharagwe na sabuni.

"Uliunywa?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

"La, baba."

"Uligusa midomo?"

"Haukugusa."

Akamgeukia Chrispine, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi.

"Na wewe. Ndiwe uliyetumia pua ya binti yangu miezi miwili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bila jina lake?"

"Ndiyo, Mzee. Nilijiambia namkinga na kanisa, na wewe. Lakini nilikuwa nikijikinga mimi."

Baba akakuna kidevu.

"Nimepigiwa simu na watu kumi na mmoja tangu jana. Wote wanauliza kama binti yangu analewa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alimwibia. Kuhusu mvinyo, sijafurahi, na sitajifanya nimefurahi. Lakini nimekuita kwa sababu ya hilo lingine." Akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la jirani. "Tumechelewa. Sabato inaingia. Katika nyumba hii hatuzungumzi kazi, safari wala ndoa mpaka kesho jua lizame."

"Mzee," Chrispine akasema, "basi niende nikalale mjini?"

"Nani amekufukuza? Utalala chumba cha magunia. Tupige magoti."

Ndivyo nilivyopewa siku nzima ya kumtazama mtu bila ruhusa ya kumwuliza lolote. Jibu nililodaiwa na Barnabas lilinilemea kifuani upande mmoja, na swali la Chrispine upande wa pili: je, mtu aliyeyachukua maneno yangu mara moja anaweza kukabidhiwa maisha yangu? Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile laini cha Sabato ambacho hata vikombe huwekwa mezani kwa upole. Alikunywa uji wa baba bila kuusifu kupita kiasi. Aliosha bakuli lake. Tulikwenda kanisani tukiwa tumepishana hatua mbili, na asubuhi ilikuwa nyeupe na tulivu kama ndoto ambayo mtu anaogopa kuigeukia.

Tulipoketi, minong'ono ikaanza nyuma yetu.

"Ndiye huyo wa pombe."

"Na huyo ndiye aliyemfundisha."

Baada ya nyimbo, kiongozi wa ibada akasimama. "Tuna mgeni leo. Mwenyeji wake amtambulishe, au yeye mwenyewe asimame atusalimie."

Shingo zote zikageuka. Chrispine akaniinamia.

"Emmah, niseme mambo ya video, au nisalimie tu niketi?"

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza. Wakinitukana si kitu. Lakini jina ni lako."

Nilimtazama. Sikuona ujanja wowote usoni pake. Niliona mtu aliyeshika kitu cha mwenzake na anangoja aambiwe akiweke wapi.

"Keti," nikasema. "Nitasema mimi."

Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Huyu ni Chrispine, kutoka Kisegi. Ni Mkatoliki, na ni mgeni wangu. Wengi mmemwona kwenye video, na mimi pia mmeniona. Niliunusa mvinyo ule. Nimeunusa kwa miezi miwili, na maneno mliyosikia ni yangu. Sikuunywa. Kiapo changu ni kizima kama siku nilipotoka mtoni. Lakini nilipewa pua, na sitaionea haya. Nisingependa mjue haya kwa kunong'onezana, ndiyo maana nimesema."

Mama Nyamusi, mjane auzaye maharagwe karibu na duka letu, akasema kwa sauti kutoka benchi la mbele:

"Kama ni hivyo, Jumatatu upite uninusie magunia yangu. Kuna moja linanitia wasiwasi."

Kanisa likacheka. Si wote, wazee wawili hawakucheka, na nilijua kwamba baraza la kanisa lingekaa Jumapili na kwamba nitaitwa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuweza kuuona uso wake.

Mchana tulitembea mpaka karibu na mto, sisi watatu, bila kutaja lolote tulilokuwa tukilifikiria. Chrispine alimwuliza baba namna ya kujua mahindi makavu kwa kuyang'ata. Baba akamweleza, kisha akamtolea punje moja mfukoni.

"Ng'ata."

Chrispine akang'ata. "Hii bado ina maji."

Baba akanitazama juu ya bega la Chrispine. "Ulimi anao," akasema.

Jua likazama. Tukaimba wimbo wa mwisho sebuleni, baba akaomba sala ndefu kuliko kawaida, akasema amina, akawasha taa, akakunja mikono ya shati.

"Haya. Sabato imekwisha. Sasa semeni, na mwanze na lile gumu."

"Gumu ni lipi, Mzee?" Chrispine akauliza.

"Mimi nitajuaje? Mimi ni muuza mahindi."

Chrispine akanigeukia. "Nianze?"

"Anza."

"Mzee, kama Emmah anataka kwenda Afrika Kusini, aende. Mimi nitakuwa Homa Bay nikibeba sahani. Akirudi, na kama bado ananitaka, wazee wangu watakuja hapa."

"Mbona 'kama'?" nikasema.

"Kwa sababu jibu hujanipa. Sikutaka kukusemea."

"Basi nalitoa sasa. Nitamaliza mtihani wangu kwanza, kisha nitakwenda, na nitanusa, na sitakunywa. Na wazee wako wasingoje nirudi. Waje kabla sijaondoka."

Baba akaruka kitini. "Hayo mmeyapanga lini? Ilikuwa Sabato!"

"Hatujayapanga, baba. Hata yeye ndiyo kwanza anayasikia sasa."

Ilikuwa kweli. Chrispine alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kofia imeanguka sakafuni. Baba akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega mpaka akalazimika kuyafuta macho.

"Waje," akasema. "Nitawafungulia. Lakini kesho kuna baraza la kanisa, Nyarangi, na wale wawili hawakucheka leo."

"Nimewaona, baba. Nitakwenda."

"Tutakwenda," Chrispine akasema kwa haraka. Kisha akajishika, akaiokota kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Samahani. Nije?"

"Njoo," nikasema.